Gari Lililotangulia Barabara

Ukitoka Garissa mjini ukavuka daraja la Tana kwenda Madogo, utakuta kibanda cha maziwa ya ngamia ambacho kivuli chake si bati wala turubai. Ni paa la Land Rover. Ni lile paa la pili linalokaa juu ya paa lenyewe, ambalo waundaji waliliongeza kwa ajili ya nchi za joto ili upepo upite katikati na jua lisimchome aliye ndani. Limepondeka pembe moja, na rangi yake ya kijani imebaki kwenye mifuo tu. Wateja huegemea nguzo, hunywa maziwa, huenda zao. Lakini fundi mmoja mzee wa gereji, ambaye namwita abti, yaani mjomba kwa Kisomali, ingawa hatuna undugu wa damu, hawezi kupita hapo bila kuligonga kwa kidole. Hugonga mara mbili, husikiliza, kisha husema neno lilelile: "Hili halijui kutu."

Mwaka 2024 kiwanda cha kuunganisha magari cha Thika kilitimiza miaka 50 tangu kianzishwe kwa jina la Leyland Kenya. Siku hizi kinaitwa Kenya Vehicle Manufacturers, na watu wa Thika wana yao ya kukumbuka: ajira, ufundi waliojifunza, karo zilizolipwa kwa mshahara wa hapo. Sisi wa Kaskazini Mashariki tuna yetu. Barabara ya A3 inaanzia kwao, inapita kwetu Garissa, inaishia Liboi mpakani. Na kwa miaka mingi kitu kikubwa kilichotoka kwenye lango la kiwanda hicho na kutufikia kilikuwa Land Rover yenye namba za GK, yaani za serikali ya Kenya. Naandika habari za gari hilo kama historia ya taasisi, na sitii chumvi. Katika wilaya ambazo shule na zahanati zilikuwa za kuhesabika kwa vidole, mtu wa malishoni aliijua serikali kwa gari. Lilipofika, serikali ilikuwa imefika. Lilipoondoka, serikali nayo iliondoka, na vumbi likatua.

Chimbuko lake ni mbali na jangwa letu, kwenye kisiwa cha Anglesey huko Wales. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba huko, na shambani alitumia Jeep kuukuu ya Kimarekani iliyobaki vitani. Ilivuta magogo, ilibeba mizigo, ilitembea kwenye mchanga wa pwani. Tatizo lilikuwa spea. Inasimuliwa kwamba kaka yake Spencer, aliyeiongoza kampuni ya Rover, alimuuliza atafanya nini siku Jeep ikifa, naye akajibu kwamba itambidi anunue nyingine, maana hakuna gari lingine la namna hiyo. Ndugu hao wawili walikuwa waundaji wa magari. Jibu hilo liliwakaa vibaya.

Kiangazi cha mwaka 1947 gari la kwanza la majaribio lilikuwa tayari, likiwa na chasisi ya Jeep na usukani katikati ya kiti, kama wa trekta, ili gari lilelile liweze kuuzwa katika nchi zinazoendesha upande wa kushoto na zile za upande wa kulia. Wazo la usukani wa katikati likaachwa. Yaliyobaki yalitokana na shida ya nchi yenyewe. Uingereza ya baada ya vita ilikuwa inagawa chuma kwa mgao, na kampuni iliyouza bidhaa nje ndiyo iliyopata zaidi. Rover, iliyozoea kuunda magari ya watu wenye nafasi, haikuwa na chuma cha kutosha. Aluminiamu ilikuwepo, kwa kuwa viwanda vya ndege za vita vilikuwa vimepunguza kazi. Basi mwili wa gari ukatengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu na magnesi uitwao Birmabright. Mashine kubwa za kufinyanga bati zilikuwa ghali, kwa hiyo mbavu zikaachwa bapa, zikakunjwa kwa pembe rahisi na kufungwa kwa ribiti. Chasisi ikaungwa kwa vipande vya chuma vilivyochomelewa hadi vikawa sanduku refu. Rangi ya kijani nayo ilikuwa mabaki ya rangi ya ndege za kijeshi.

Tarehe 30 Aprili 1948 gari hilo likaonyeshwa hadharani kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam. Bei yake ilikuwa pauni 450. Injini ilikuwa ya lita 1.6, na tangi la mafuta lilikaa chini ya kiti cha dereva, hivyo aliyetaka kujaza mafuta alilazimika kushuka na kuinua mto aliokuwa ameukalia. Wakubwa wa Rover waliliona kama gari la kujikimu kwa miaka miwili mitatu, mpaka chuma kipatikane na warudi kwenye magari yao ya heshima. Mwaka 1959 walikuwa wameunda magari 250,000. Mwaka 1966 wakafika nusu milioni, na mwaka 1976 milioni moja.

Henry Ford alikuwa ameshapita njia ya kuunda magari kwa wingi miaka 40 kabla yao. Model T yake ilitoka mwaka 1908, nyepesi na iliyoinuka juu ya ardhi, kwa sababu barabara za mashambani Marekani zilikuwa tope na mashimo. Mwaka 1913, kwenye kiwanda chake cha Highland Park, aliwapanga wafanyakazi wasimame mahali pamoja na gari ndilo liwapitie. Muda wa kuunganisha chasisi moja ukashuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi kama saa moja na nusu. Hadi mwaka 1927 Model T milioni 15 zilikuwa zimetoka. Wingi wa Ford ulitaka kiwanda kikubwa kama mji. Wingi wa Land Rover ulikuwa wa aina nyingine: gari la mbavu bapa na ribiti liliweza kufunguliwa vipande, likafungwa kwenye makasha, likasafirishwa kwa meli na kuunganishwa upya katika nchi isiyo na mashine hizo kubwa. Nchi hizo zilikuwa nyingi, na yetu ikiwa mojawapo.

Sasa turudi nyumbani. Mkoa wetu ulikuwa sehemu ya Northern Frontier District, NFD, nchi iliyofungwa. Kuanzia mwaka 1926 iliwekwa chini ya sheria ya wilaya zilizofungwa, na mwaka 1934 ikaongezwa sheria nyingine iliyowapa watawala mamlaka ya pekee juu ya watu na mahali pao pa kukaa. Hukuingia bila kibali, hukutoka bila kibali. Wakoloni hawakujenga reli wala barabara ya maana, kwa kuwa hawakukusudia tufike popote. Serikali ilitembea kwa ngamia, na walioibeba mgongoni walikuwa dubas, askari wa kikabila waliojulikana kwa vilemba vyekundu. Jina lao lenyewe ni Kisomali, duub cas, kilemba chekundu.

Magurudumu yaliingia kwa wingi kwa sababu ya vita. Mwaka 1940 Italia ilipoingia vitani, majeshi ya Uingereza, Afrika Mashariki na Afrika Kusini yalijipanga NFD kuielekea Somalia, na Garissa ikawa kivuko cha jeshi kwenye Tana. Februari 1941 majeshi hayo yalifika Kismayu, iliyotekwa tarehe 14. Malori yaliyopita yaliacha alama ardhini, na ukiwauliza wazee kwa nini njia fulani imepinda mahali pasipo kilima wala laga, yaani mto wa msimu, wengine watakujibu kwamba ndipo malori ya Wazungu yalipokwama.

Land Rover iliingia katika miaka ya 1950. Mwaka uleule wa 1948 ilipozaliwa, Cooper Motor Corporation ilikuwa imeanzishwa Nairobi, na kampuni hiyo, ambayo Wakenya waliizoea kwa jina la CMC, ndiyo iliyokuja kuwa muuzaji mkuu wa Land Rover nchini. Bwana DC, mkuu wa wilaya, akapata yake, polisi wakapata zao, watu wa mifugo, wa afya na wa wanyamapori wakafuata. Ngamia alihitaji siku nyingi kutoka Garissa hadi Wajir. Gari lilihitaji siku moja au mbili, kama laga hazina maji.

Uhuru ulipokaribia, tume ya mwaka 1962 ilizunguka NFD kuuliza watu wanataka nini, na Wasomali wengi wakasema wanataka kuungana na Somalia. Machi 1963 Uingereza ikatangaza mkoa wa saba, Kaskazini Mashariki, ndani ya Kenya. Tarehe 28 Desemba mwaka huo, wiki mbili tu baada ya bendera kupanda, serikali mpya ikatangaza hali ya hatari katika mkoa wetu. Vita vilivyofuata, ambavyo serikali iliviita vya shifta, yaani majambazi, vilidumu hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967. Sheria za hali ya hatari zilibaki mpaka Novemba 1991. Mtoto aliyezaliwa Garissa mwaka wa uhuru alifikisha umri wa kuoa na kupata watoto kabla hajaishi siku moja chini ya sheria zilezile zilizomlinda mwenzake wa Thika.

Katika vita hivyo Land Rover ilikuwa chombo cha upande mmoja. Ilifuata nyayo za ngamia hadi visimani. Mwaka 1966 na 1967, watu walipokusanywa kwa nguvu kwenye vijiji vya uzio na mifugo yao kuachwa ife malishoni, magari ya serikali ndiyo yaliyozunguka kuhakikisha hakuna aliyebaki nje. Waasi nao wakajibu kwa mabomu ya ardhini. Abti alikuwa kijana mdogo aliyeosha magari ya kambi, na kumbukumbu yake ya vita ni ya mtu aliyeyaona magari kwa chini: sakafu zilizopangwa mifuko ya mchanga ili mlipuko usikate miguu ya dereva, na asubuhi ambazo dereva alikunywa chai bila neno, akazunguka gari lake, kisha akaingia. Madereva hao walikuwa Wakenya wa kila kabila. Nawaombea wote, pamoja na wale waliokufa vijijini mbele ya magari yao.

Yaliyotokea baadaye hayana haja ya kupambwa. Mauaji ya Garissa, Novemba 1980. Wagalla, karibu na Wajir, Februari 1984, watu walipopakiwa kwenye malori hadi uwanja wa ndege, na wengi hawakurudi. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika katika ripoti yake ya mwaka 2013. Ndiyo maana mlio wa Land Rover, ule wa gia zake unaofanana na mtu anayenung'unika meno yakiwa yamefungwa, ulitambulika kwetu kabla gari halijaonekana. Kuna akina mama walioweza kutofautisha kwa mlio tu gari la daktari na gari la polisi, nao waliwaita au kuwaficha wanao kwa mlio huo.

Na gari la daktari lilikuwepo. Sitaki kulisahau, kwa sababu nalo ni sehemu ya taasisi hii. Kufikia mwaka 1976 ndui ilikuwa imebaki Pembe ya Afrika peke yake. Wapimaji na wachanjaji walisaka mgonjwa mmoja mmoja kwenye kambi za wafugaji pande zote mbili za mpaka. Mapema mwaka 1977 ndui iliingia Mandera, ikazingirwa na kuzimwa. Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya asili alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, Oktoba mwaka huohuo. Aliipata kwa kupanda gari lililobeba watoto wagonjwa, akimwelekeza dereva njia ya kwenda kambi ya karantini, safari ya dakika chache. Alipona. Tarehe 26 Oktoba 1979 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mjini Nairobi kwamba Pembe ya Afrika haina ndui tena. Nikisoma habari hiyo huwa nawaza juu ya magurudumu. Ugonjwa uliotembea na watu wanaohamahama haungeweza kuzingirwa na serikali inayotembea polepole kuliko wao.

Sasa Thika. Katika miaka ya 1970 Kenya iliamua kwamba haitanunua tena magari yaliyokwisha kuundwa ikiwa inaweza kuyaunganisha yenyewe. Viwanda vitatu vikatokana na uamuzi huo: Leyland Kenya huko Thika, General Motors mjini Nairobi, na Associated Vehicle Assemblers mjini Mombasa. Cha Thika kilikuwa ubia kati ya serikali na wafanyabiashara. Hisa za serikali zikawa asilimia 35, na zilizobaki zikaja kugawanywa sawa kati ya wauza magari wawili, CMC na D.T. Dobie. Kiliunganisha malori na mabasi ya Leyland, mabasi madogo ya Volkswagen, na Land Rover.

Makasha yalishuka bandarini Mombasa na kupanda bara. Ndani yake kulikuwa na injini, gia, ekseli, chasisi, na mbavu za aluminiamu zilizolala moja juu ya nyingine kama sahani. Serikali ikadai vitu fulani vitoke hapahapa nchini: matairi, betri, rangi, vioo, springi, viti, bomba la moshi. Matairi yalitoka kiwanda cha Firestone, Nairobi. Kwa hiyo Land Rover iliyotoka Thika ilikuwa na chembe ya Kenya mwilini mwake, na tena sehemu hizo za Kenya ndizo hasa zilizokutana na ardhi yetu: tairi kwenye miiba ya mgunga na springi kwenye mawe. Kijana wa Thika aliyekaza boliti hizo huenda hakuwahi kufika Garissa maishani mwake. Gari lake lilipita Matuu, likapita Mwingi, Nguni, Ukasi, likashuka Bangale penye joto la kufukuza nzi, likavuka Tana. Zaidi ya kilomita 300 kutoka mkononi mwake, mtu mwingine aliishi au alikufa kwa kutegemea alivyokaza.

Abti alijifunzia ufundi kwenye magari hayo ya Thika, yale ya Series III yaliyoanza kuundwa mwaka 1971, yenye injini ya lita 2.25. Nilipokuwa kijana alinikalisha kwenye kiti cha dereva cha moja lililokuwa juu ya mawe, bila magurudumu, akanifundisha gari kwa virungu vyake. Mbali na gia ya kawaida kulikuwa na virungu viwili vifupi sakafuni, kimoja cha njano na kimoja chekundu. Cha njano ukikibonyeza chini, magurudumu ya mbele nayo huvuta. Chekundu ukikirudisha nyuma, gari hushuka kwenye gia nzito, hutembea taratibu kuliko mtu, lakini hupanda ukingo wa laga kama mbuzi. "Cha njano ni cha mchanga," alisema, "chekundu ni cha Mungu." Maana yake ni kwamba ukifika kwenye chekundu, umeshamaliza akili zako. Alinionyesha pia namna ya kuvua mkanda wa feni kabla ya kuingia kwenye maji yenye kina, ili feni isirushe maji kwenye plagi. Alinionyesha namna ya kupunguza upepo wa matairi kwenye mchanga, na namna ya kuwasha injini kwa hendeli betri ikifa, kidole gumba kikae upande mmoja na vingine, kwa sababu hendeli ikirudi nyuma itakivunja. Kidole gumba chake cha kulia kimepinda. Hakuhitaji kunieleza zaidi.

Katika utumishi wake Land Rover ilibeba kila kitu ambacho serikali ilikuwa nacho. Ilibeba mishahara ya walimu, mitihani iliyofungwa lakiri, masanduku ya kura, chanjo za ng'ombe, chifu mpya na mbuzi wa kumkaribisha. Ilibeba maiti kurudi kwao na akina mama wenye uchungu kwenda hospitali ya mkoa, na wapo watu wazima Garissa leo waliozaliwa nyuma ya gari la GK, kati ya jerikeni na tairi la akiba.

Hifadhi ya Kora, ng'ambo ya Tana upande wa kusini, ilishuhudia safari moja ya gari hilo iliyosikika duniani kote. George Adamson, aliyekuwa ofisa wa wanyamapori wa NFD enzi za ukoloni na ambaye simba wake Elsa alijulikana kwa vitabu na filamu, alikuwa akiishi huko na simba wake. Tarehe 20 Agosti 1989 majambazi walilivamia gari lililombeba mgeni wake. Adamson, mwenye umri wa miaka 83, alisikia risasi, akaingia kwenye Land Rover yake na kuliendea kundi hilo. Aliuawa pamoja na wasaidizi wake wawili, Wakenya, ambao magazeti ya ng'ambo hayakuwapa hata nusu ya nafasi aliyopewa yeye. Huo nao ulikuwa ukweli wa nchi yetu ya wakati huo: mtu maarufu aliifanya dunia igeuke itutazame kwa wiki moja, na wenyeji waliouawa kwenye njia zilezile mwaka mzima hawakugeuziwa shingo.

Katika miaka hiyohiyo Kenya iliota kuunda gari lake lenyewe, kutoka boliti hadi boliti. Mwaka 1986 Rais Moi aliutaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, hata likiwa baya au la polepole. Wahandisi walifanya kazi, karakana za reli zikasaidia, na tarehe 25 Februari 1990 magari matano ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa Kasarani. Yalifika kasi ya kilomita 120 kwa saa. Shirika la Nyayo Motor Corporation likaundwa liyatoe kwa wingi, pesa hazikupatikana, na baadaye shirika likabadilishwa kuwa Numerical Machining Complex, karakana ya kuchonga vyuma. Wengi hulicheka gari hilo. Mimi silicheki. Vijana waliolichonga walithibitisha kwamba mikono ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtaji na subira, vitu ambavyo Rover haikukosa ilipokuwa na gari la kujikimu kwa miaka miwili mitatu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 milango ya forodha ilifunguliwa, magari yaliyotumika Japani yakamiminika, na viwanda vyote vitatu vikayumba. Land Rover ilikuwa tayari imeanza kupoteza jangwa. Kampuni mama ya Uingereza ilikuwa na matatizo makubwa kiasi cha kuchukuliwa na serikali yake mwaka 1975, magari yalisubiriwa kwa muda mrefu, spea zilichelewa, na injini yake ilikuwa dhaifu kwa mizigo ya huku. Toyota, ambayo gari lake la kwanza la namna hiyo lilitoka mwaka 1951, ilikuja na Land Cruiser: injini kubwa, springi ngumu, na spea dukani. Kambi za Dadaab zilipoanza mwaka 1991 kupokea wakimbizi wa Somalia, Land Cruiser nyeupe za mashirika ndizo zilizojaza barabara yetu. Polisi nao wakahamia huko. Tangu 2013 serikali inakodisha mengi ya magari yake badala ya kuyanunua. Na baada ya jeshi kuingia Somalia Oktoba 2011, mabomu yalirudi barabarani, safari hii yakilenga Land Cruiser. Mifuko ya mchanga ya abti imekuwa mabamba ya chuma. Woga wa dereva anayekunywa chai bila neno haujabadilika.

Tarehe 29 Januari 2016 gari la mwisho la uzao ule wa 1948, ambalo kwa wakati huo liliitwa Defender, lilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, likiwa limetanguliwa na mengine zaidi ya milioni mbili. Desemba mwaka huohuo kiwanda cha Thika kilianza kuunganisha Volkswagen Polo Vivo, gari la mjini. Januari 2025 CMC ikatangaza kwamba inafunga biashara yake Afrika Mashariki. Agosti 2024 Mobius Motors, kampuni iliyoanzishwa na Joel Jackson, Mwingereza aliyeona shida ya usafiri vijijini Pwani, na iliyotaka kuwapa Waafrika gari rahisi la barabara mbovu kwa bei iliyoanzia shilingi 950,000, nayo ilikuwa imetangaza kufunga. Hilo liliniuma. Lilikuwa wazo la Anglesey lililotafutiwa nyumba kwetu: chuma kichache, mapambo machache, njia mbaya. Thika siku hizi inaunganisha mabasi ya umeme ya BasiGo kwa ajili ya Nairobi.

Barabara yetu sasa ni lami kutoka Nairobi hadi mjini Garissa, na kazi inaendelea kuelekea Wajir na Mandera. Basi huondoka asubuhi na jioni umefika. Lakini mvua za mwisho wa mwaka 2023 zilipojaza Tana, maji yalikata lami pale Mororo, karibu na Madogo, na kwa siku nyingi mji ulipata unga na dawa kwa mashua na kwa malori makubwa ya jeshi. Abti alisimama ukingoni akayatazama malori hayo yakiingia majini. Aliniuliza kama madereva wamevua mikanda ya feni. Nilimwambia magari ya siku hizi hayahitaji. Hakuniamini.

Kwenye gereji yake hakuna tena Land Rover inayotembea. Chasisi za chuma ziliisha kwanza, zikaliwa na kutu kutoka ndani, mahali ambapo tope la laga hukaa na kukauka na kulowa tena. Mbavu za aluminiamu zilibaki. Kwa miaka kadhaa sasa wanunuzi wa chuma chakavu wamekuwa wakizikusanya na kuzipeleka Nairobi, ambako mafundi wa jua kali huyeyusha aluminiamu na kuifua sufuria. Mwezi uliopita mmoja wao alisimamisha pikapu yake mbele ya kibanda cha maziwa, akalipima paa kwa hatua, akataja bei. Mama mwenye kibanda aliendelea kupima maziwa kwenye kikombe. Alimwambia amelijaribu bati, amelijaribu turubai, na maziwa huharibika kabla ya adhuhuri. Chini ya hili hufika alasiri. Mnunuzi akaongeza bei. Mama akamwuliza kama anakunywa au anaondoka, na abti, aliyekuwa amekaa kwenye benchi, akasogea kumpisha akae.